Simu za "iko wapi?": mwongozo kamili wa kupanga nyumba na kazi

Mwezi wa sita mwaka jana nilikaa Tukuyu siku tatu kwenye msiba. Si mbali. Pale Uyole unaiacha barabara ya Dar es Salaam, unashika ya Kyela, na saa mbili hazijaisha umeshafika. Lakini kwa namna simu yangu ilivyoita, ungedhani nimehamia Ulaya. "Mama, ufunguo wa stoo uko wapi?" "Mama, kadi ya kliniki ya mtoto siioni." "Bosi, kuna mteja hapa anataka elbo za bomba za robo tatu, zimeisha au ziko nyuma?" Mume wangu naye: "Hivi ile karatasi ya kiwanja uliiweka wapi?"

Siku ya pili tumekaa kwenye mkeka na akina mama, wifi yangu akanitazama nikinong'ona kwenye simu ya saba. Nilipokata akaniambia, "Wifi, hamna stoo kwenu. Stoo ni wewe."

Iliniuma kwa sababu nilikuwa najiona mtu wa mpangilio. Nyumba yangu inang'aa, mgeni akija haoni uchafu. Tatizo ni kwamba ramani ya nyumba nzima, na ya duka letu la vifaa vya ujenzi hapa mjini Mbeya, ilikuwa kichwani mwangu. Nikiondoka, imeondoka.

Wifi ni muuguzi, na ndiye aliyenifundisha neno sasambua. Wenye kazi za afya wanalijua. Ni la kwanza kati ya maneno matano ya utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Asili yake ni viwanda vya Japani, Toyota wakiwa miongoni mwa walioujengea jina utaratibu huo, na kwa Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Kilichonifurahisha ni kwamba hapa Tanzania haukuanzia Dar. Mwaka 2007 Wizara ya Afya na shirika la Japani la JICA walianza kuujaribu mahospitalini, na hospitali ya mwanzo ilikuwa yetu ya Rufaa ya Mbeya, kisha ukasambaa kwingine. Kwa hiyo watu wa Nyanda za Juu Kusini tukiuchukua na kuupeleka majikoni, tunachukua cha nyumbani.

Nimeutumia nyumbani na dukani kwa zaidi ya mwaka. Haya yafuatayo ni yale yaliyofanya kazi, kwa mpangilio niliotamani ningeufuata tangu siku ya kwanza. Kipimo changu ni kimoja tu: mtu mwingine akipate kitu ndani ya nusu dakika bila kukupigia simu. Kama ni wewe peke yako unayekijua kilipo, hicho hujakipanga, umekificha.

HATUA YA KWANZA: WIKI MOJA YA KUHESABU

Usiguse kitu. Usinunue vikapu wala makopo. Chukua daftari dogo, lifunge kamba ulining'inize jikoni, na lingine liwe kazini. Kwa siku saba, kila mtu akiuliza "iko wapi?" (wewe mwenyewe ukiwemo, maana na wewe hujiuliza) andika mambo matatu: kitu gani, nani kauliza, na kilipatikana wapi.

Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye faida kubwa, na watu wengi huiruka. Mimi nilikuwa nimeamua ufunguo wa stoo ukae kwenye droo ya sebuleni. Daftari likanionyesha kwamba kwa wiki moja ulipatikana mara nne juu ya friji, mara moja kwenye mfuko wa aproni ya dada wa kazi, na kwenye droo hata mara moja. Sababu ni rahisi: mtu anatoka stoo na unga mkononi, anaingia jikoni, anauweka ufunguo mahali pa kwanza anapoweza. Droo ya sebuleni ilikuwa matakwa yangu tu. Nikapiga msumari ukutani kando ya friji. Ukaisha ule ugomvi.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kitu kikae wapi, tazama kinaangukia wapi. Mahali pa kitu pawe karibu na pale mkono unapochoka kukishika.

Dukani nilifanya hesabu nyingine. Kijana wetu alikuwa anapoteza kama dakika kumi kwa siku akitafuta vitu ambavyo vipo. Dakika kumi zinaonekana si kitu. Zidisha kwa siku sita za wiki na wiki 52: ni dakika 3,120, yaani saa 52. Na hapo sijamhesabu mteja aliyechoka kusubiri akavuka kwenda kwa jirani.

HATUA YA PILI: SASAMBUA

Kusasambua ni kutoa vyote nje na kutenganisha. Kosa la wengi ni kuamua Jumamosi moja kuigeuza nyumba nzima. Ikifika saa tisa alasiri umechoka, vitu vimejaa kitandani, watoto wana njaa, unarudisha kila kitu kwa hasira pale pale kilipokuwa. Chukua sehemu moja yenye mlango au mipaka: kabati moja, chini ya kitanda, shelfu moja ya duka. Ukimaliza kabla ya saa sita mchana, umechagua ukubwa sahihi.

Majira nayo yana neno. Huku kwetu mvua inaanza Novemba mpaka Aprili, pengine Mei, na mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, baridi na unyevu vinaingia mpaka kwenye viatu. Ukipanga nguo na vitabu ndani ya maboksi mwezi wa pili, umefungia ukungu. Kazi ya kusasambua iache kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, upate jua la kuanika mablanketi, magodoro na makaratasi kabla ya kuyarudisha. Mimi huanza Julai, na kwa ile baridi, kupiga kazi nje kunapasha mwili.

Tandika turubai au mkeka uani. Toa vyote. Kisha kila kitu kipitie mkononi mwako na kiende kwenye fungu: kinachotumika, kizima lakini hakitumiki, kibovu, na "sijui". Fungu la "sijui" ndilo linalovunja familia.

Kwetu lilikuwa redio ya mume wangu. Haijaimba tangu tuhamie nyumba hii. Mimi nasema itupwe, yeye anasema kuna fundi ataitazama. Wifi akatupa dawa ya hospitalini: kitu chenye utata kibandikwe lebo nyekundu yenye tarehe, kitengwe mahali pake, na kikifika muda mliokubaliana hakijaguswa, kiondoke. Tulikubaliana miezi mitatu. Kalamu ya maka, kipande cha boksi, kamba: "Redio. 8 Julai." Hakuna aliyeshindwa, hakuna aliyepiga kelele. Oktoba akaipeleka mwenyewe kwa fundi, akaambiwa haifai hata spea, akaiacha huko huko. Ningeitupa mimi mwezi wa saba, mpaka leo ningekuwa nasikia habari zake.

Vitu vizima visivyotumika toa mapema, wiki ile ile, vinginevyo vinarudi kabatini vyenyewe. Ila nina ombi: usigeuze kijijini kuwa jalala lako. Tuna tabia ya kufungasha sufuria zilizotoboka na sweta zilizolegea, kisha tunajisifu tumempelekea mama mkwe mzigo. Kama wewe huwezi kukivaa, mama mkwe naye hakitaki, anakosa tu namna ya kukwambia.

HATUA YA TATU: SETI

Hapa ndipo kila kitu kinapewa mahali. Kanuni ni ya mwili wako: kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na macho, kizito kikae chini, cha mara moja kwa mwezi kipande juu. Jikoni sitakaa sana, kila mwanamke ana jiko lake. Nitasema tu kwamba vifuniko vya sufuria vikisimamishwa wima kwenye chaga ya sahani vinaonekana vyote, na kwamba sufuria kubwa za shughuli hazina sababu ya kukaa mbele ya ile unayopikia ugali.

Watoto wapigiwe misumari ya urefu wao. Tulikuwa tunamgombeza mtoto wa darasa la kwanza kwa kutupa begi na sweta chini, na kumbe msumari aliopewa haufikii. Baba yake akashusha mbao mpaka kwenye bega la mtoto. Begi likapanda ukutani siku ile ile.

Tahadhari moja kwa nyumba zetu za wakulima: dawa za shamba na za kuhifadhi nafaka zisikae jikoni wala stoo ya chakula, na zisimiminwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa usiku mmoja. Ziache kwenye chombo chake chenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu, mbali na mtoto.

Stoo ya nafaka

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu kwa nyumba nyingi za huku stoo ndiyo benki. Mahindi yakiharibika, mpango mwingine wote umekufa.

Kwanza, usipange kitu kibichi. Mahindi ya kuweka muda mrefu yanatakiwa unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja au zaidi, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Chumvi isipoganda uko chini ya hapo, lakini usikimbilie kufunga magunia. Mimi huyapa jua siku mbili nyingine. Na chumvi yenyewe iwe kavu, maana ya Mbeya wakati wa mvua huwa imelowa ndani ya kopo. Ikaange kidogo kwanza.

Pili, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Weka chaga za mbao, acha nafasi ya mtu kupita ubavuni. Gunia lililoegemea ukuta wa tofali linanyonya unyevu upande mmoja, na huoni mpaka siku unalifungua.

Tatu, wadudu. Kuna dumuzi, yule aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuonekana kwanza Tabora. Wakulima walimbatiza Scania, na aliyewahi kukuta gunia limegeuka vumbi anaelewa kwa nini. Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye plastiki mbili ndani na salfeti nje, inamuua kwa kumkosesha hewa, bila dawa. Masharti yake: mahindi makavu, hewa itolewe kwa kukandamiza kabla ya kufunga, kila tabaka lifungwe peke yake kwa kamba, na usiwe mtu wa kufungua kila siku ukichota. Panya akitoboa, kazi imeharibika, kwa hiyo chaga na usafi wa stoo viko pale pale.

Nne, na hili ndilo la mpangilio hasa: andika kwa maka kwenye kila gunia mwezi wa kuvuna na namba yake. Magunia ya zamani yakae mbele, mapya nyuma. Mlangoni bandika karatasi yenye mistari: gunia namba ngapi, limefunguliwa lini, limeisha lini. Baada ya magunia mawili tu niliijua nyumba yangu. Tuko sita, na gunia la kilo 100 kwa dona linatuishia kama miezi miwili. Nikijua hivyo, najua kufika Juni ijayo nahitaji magunia sita, na moja la wageni na misiba. Yanayozidi hayo ndiyo ya kuuza, na nayauza kwa hesabu, si kwa sababu ada imenikaba Januari.

Viazi navyo viwe gizani, penye hewa, kwenye kreti au kikapu na siyo kwenye mfuko wa nailoni. Kiazi kilichopigwa mwanga kinageuka kijani, na kile kijani ni dalili ya sumu. Usikiuze, usikipike.

Karatasi

Nyumba nyingi zina bahasha moja kubwa ya kaki chini ya godoro, na ndani yake vimo vyote: cheti cha ndoa, risiti ya friji, kadi ya kliniki, mkataba wa kiwanja, kalenda ya mwaka juzi. Zitenganishe kwa haraka inayohitajika, si kwa umuhimu.

Karatasi za usiku wa manane ni kadi za kliniki, kadi za bima, na namba za simu zilizoandikwa kwa mkono, kwa sababu simu inaweza kuzima. Hizi zikae kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu kwenye msumari nyuma ya mlango wa kutokea. Mtoto akichemka saa nane usiku, anayembeba anapita na mfuko.

Karatasi za mwaka ni ripoti za shule, risiti za ada, mkataba wa pango. Faili la springi, moja kwa kila mtoto na moja la nyumba.

Karatasi za maisha ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, hati au mkataba wa mauziano ya ardhi. Hizi zifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Toa kopi, nyingine mpe ndugu unayemwamini anayekaa nyumba nyingine. Piga picha kila ukurasa. Namba za NIDA za watu wazima ziandike kwenye karatasi moja, zile tarakimu 20 zote, ukizikagua mara mbili. Hakuna anayezikariri, na kila ofisi inaziuliza. Namba ya mita ya LUKU iandike ukutani karibu na swichi kuu, wala si siri.

Mwambie mwenzako sanduku liko wapi na ufunguo uko wapi. Nimeona wajane wakihangaika ofisi kwa ofisi kutafuta karatasi iliyokuwa ndani ya begi la marehemu juu ya kabati.

KAZINI

Duka letu ni dogo, vitu vyake ni vidogo zaidi: elbo, soketi, koki, misumari ya inchi hii na ile, skrubu za kila aina. Kwanza tuliandika majina kwenye maboksi. Haikusaidia sana, kwa sababu mteja anasema "kale kadude ka kuungia", fundi analiita jina lake, na kijana anasoma lingine. Kilichosaidia ni kufunga mfano wa kitu chenyewe mbele ya boksi kwa waya. Ukitaka elbo ya robo tatu, unatazama elbo, huisomi. Mteja naye ananyoosha kidole: "Hicho." Kijana mpya alijifunza duka kwa siku mbili.

La pili ni kadi ya akiba. Kwenye kila bidhaa inayotoka haraka, tenga pakiti moja ya mwisho, ifunge kwa mpira na kadi yenye jina lake. Siku unalazimika kuifungua, kadi inatundikwa kwenye msumari wa kaunta. Jumatatu asubuhi nachukua kadi zilizoning'inia, hizo ndizo oda. Siulizi "nini kimeisha?", maana jibu la swali hilo huwa ni "vipo vipo tu". Nyumbani nimefanya hivyo hivyo kwa sukari, sabuni na mafuta. Gesi ni rahisi zaidi: uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye mtungi wenyewe, uweke kwenye mzani utoe hesabu, hutaishiwa maharage yakiwa nusu.

Pesa ya duka iwe na laini yake ya simu na droo yake. Ukichukua ya mboga, andika umechukua, hata kama duka ni lako. Kwenye kaunta kuwe na kaunta buku moja ya mauzo na moja ya madeni, basi. Vikaratasi ndivyo vinavyotuua. Deni liandikwe mteja akiwa amesimama pale: jina, simu, kiasi, siku aliyoahidi, na sahihi yake.

Kila jioni kabla ya kufunga, kurasa za siku hiyo za vitabu vyote viwili zipigwe picha na zitumwe kwenye simu ya pili. Watu wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na la Sido, walikohamia wengi, likaungua 2011. Mali ilionekana ikiteketea. Madaftari ya madeni yaliteketea kimyakimya, na kuna waliodaiwa ambao ghafla walisahau.

Risiti za manunuzi na za mashine ya kodi, ile EFD, zisikae kwenye mfuko wa rambo. Chukua bahasha 12, moja kwa kila mwezi, na kila jioni za leo ziingie. Karatasi ya EFD hufifia ikikaa juani au kwenye joto, kwa hiyo zile kubwa toa kopi. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe angalau miaka mitano, hivyo mwisho wa mwaka funga bahasha 12 kwa kamba, andika mwaka, panda nazo juu. Kama mwaka wako wa hesabu unafuata kalenda, awamu za kodi ya makadirio zinaishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ziandike ukutani kwa rangi. Mwaka mmoja nilizijua kwa kichwa, nikachelewa, nikalipa na adhabu juu, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Kwa wa maofisini nina machache, nimewahi kukaa huko. Mezani ibaki kazi unayoifanya sasa. Nyingine ziwe kwenye trei mbili, zilizoingia na zinazosubiri mtu mwingine. Hiyo ya pili andika juu ya kila karatasi inamsubiri nani tangu lini, kisha Ijumaa uipitie yote. Kwenye kompyuta, jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku kwa tarakimu, kama 2025-07-08 mkataba wa pango. Yatajipanga yenyewe. Faili linaloitwa "mpya ya mwisho kabisa 2" halijawahi kumsaidia mtu.

SAFISHA, SANIFISHA, SHIKILIA

Safisha mnaijua. Nyongeza yangu ni kwamba kusafisha ni kukagua: anayefuta shelfu ndiye anayeona mchwa, bomba linalovuja, waya uliochubuka. Mwambie anayefagia aripoti alichokiona, na usimkaripie akikuletea habari mbaya.

Sanifisha ni kukubaliana lugha na namna moja. Kama kopo limeandikwa "unga wa lishe", makopo yote yaandikwe, kwa Kiswahili ambacho dada na watoto wanasoma. Na nyumba ikishapangwa, piga picha kila shelfu, ichapishe kwa mtu wa stesheneri na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Mtu hahitaji kukumbuka palivyokuwa, anatazama picha anarudisha.

Shikilia ndiyo ngumu. Nilibandika ratiba nzuri ya rangi, kila mtu na zamu yake, ikadumu siku tisa. Kilichodumu ni vitu viwili. Cha kwanza ni dakika kumi baada ya chakula cha usiku: televisheni inazimwa, kila mtu anarudisha vitu kumi mahali pake, baba akiwemo. Baba akiwa hayumo, haifanyi kazi, nimejaribu. Sare, soksi na daftari za kesho zinawekwa kwenye kiti wakati huo huo. Cha pili ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtoto mmoja anakuwa mkaguzi. Anatembea na daftari na mimi nyuma yake, ananitajia kitu, nusu dakika inaanza. Wanapenda sana kunikamata mimi.

Kitu kikikosa mahali pake mara tatu mfululizo, usiwalaumu watu, hamisha mahali. Fagio letu la uani limehama mara nne.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilirudi Tukuyu, siku tatu tena, kumpeleka mama mkwe hospitali. Simu zilikuja mbili za "iko wapi". Moja ni kijana wa duka, aliulizia kadi ya akiba ya gundi ya mabomba, ilikuwa imedondoka chini ya kaunta. Nyingine ni chaja. Chaja bado zimetushinda.